Piga Windows

Ndugu msomaji, ukiwa na kompyuta nyumbani, bila shaka umekwisha kuyasikia maneno haya mawili: piga Windows. Kompyuta ikiwa nzito, fundi husema piga Windows. Ikizima yenyewe, piga Windows. Sauti haitoki, printa haichapi, picha zinatetemeka kwenye kioo: piga Windows. Nimepata kumsikia fundi mmoja akimwambia hivyo mama aliyelalamika kwamba kompyuta yake haiwaki kabisa, ilhali chombo kisichowaka hakina hata mahali pa kuipigia hiyo Windows.

Nakusudia kuyapinga maneno hayo, na nitayapinga bila kumumunya. Sisemi kwamba kuweka upya mfumo wa kompyuta ni kosa siku zote. Zipo nyakati ambapo ndiyo njia pekee iliyobaki, kwa mfano pale virusi vinapokuwa vimeenea kila mahali. Ninachosema ni kwamba kuipiga Windows kabla ya kuuliza kompyuta inaumwa nini ni kuukwepa ufundi. Daktari anayempa kila mgonjwa dawa moja, awe anaumwa jino au amevunjika mguu, tungemwita tapeli. Lakini mtu afanyaye hivyo kwa kompyuta tunamwita fundi, tunamlipa, na siku ya pili tunarudi kwake. Mimi nimelipa gharama ya desturi hii, na sikuilipa kwa fedha peke yake.

Kwa faida ya msomaji asiyezoea mambo haya, mfumo wa uendeshaji, uwe Windows au mwingine, ndio programu kuu inayoamka kwanza unapowasha kompyuta. Ndio unaozigawia kazi programu nyingine zote, unaojua faili gani iko wapi, na unaozungumza na kibodi, kioo na printa. Kuupiga upya maana yake ni kuufuta uliopo na kuweka mwingine kutoka kwenye flashi. Katika kufuta huko, sehemu ya diski ulimokaa mfumo wa zamani husafishwa, na kila kilichokuwamo humo huondoka nao. Ni sawa na mtu abomoaye nyumba kwa sababu mlango haufungi, na vyombo vikiwa bado ndani.

Kompyuta yangu ni ya mezani, na niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ina diski ya kuzunguka ya GB 500, na siku hizo ilikuwa na vipande viwili vya kumbukumbu, vile ambavyo mafundi huviita ramu, kila kimoja GB 4. Haikuwa mashine ya kujivunia. Niliitumia kuandika barua na kuweka hesabu za nyumbani. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu kimoja cha thamani. Mwaka 2013 nilikwenda Pangani kukaa na mama yangu, ambaye alikuwa ameanza kudhoofika. Kwa siku kumi na moja, kila jioni baada ya sala ya magharibi, niliweka kinasa sauti mkekani naye akasimulia: nani alimzaa nani, minazi ipi ilikuwa ya nani, nani alizikwa wapi na kwa nini baadhi ya makaburi hayakuwekwa alama, na nyimbo walizoimba wanawake harusini alipokuwa msichana. Zikawa faili kumi na moja, moja kwa kila jioni. Mama alifariki mwaka 2015. Sauti hizo zilikaa katika kompyuta yangu, na hapakuwa na nakala mahali pengine popote. Hilo ni kosa langu, na nitalirudia.

Mwaka 2019 kompyuta ilianza kuugua. Ningekuwa naandika, mara kioo kikageuka buluu, maneno meupe yakatokea, kisha mashine ikazima na kuwaka upya. Siku nyingine ilifanya hivyo mara moja, siku nyingine mara tano. Pengine ilikaa siku mbili nzima bila kosa lolote. Nikaibeba kwenye teksi hadi kwa fundi mmoja Kariakoo, kijana mchangamfu, mwenye meza iliyojaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo.

Hakuiwasha. Alinisikiliza kwa muda mfupi akatikisa kichwa. “Mzee wangu, hii ni Windows tu. Napiga, baada ya saa mbili unachukua mzigo wako.” Kisha akaniuliza swali moja: “Vitu vyako viko D?”

Nikamjibu ndiyo. Hapa, msomaji, naomba tusimame kidogo, kwa maana madhara yote yaliyofuata yalitoka katika swali hili na jibu lake. Mafundi wetu wana mazoea ya kuigawa diski moja sehemu mbili: C, anakokaa Windows, na D, ambako mwenye kompyuta anatakiwa kuweka vitu vyake. Wakipiga Windows huifuta C na kuiacha D. Mimi nilijua kwamba D ipo, na nyaraka zangu nyingi zilikuwa huko. Nisichojua ni kwamba vitu nilivyoviweka kwenye uso wa kompyuta, pale unapoona picha ndogondogo mara tu inapowaka, vyote vinakaa C. Na bahasha ya sauti za mama niliiweka hapo usoni kwa makusudi, ili niwe naiona kila siku. Fundi aliniuliza kwa lugha ya fundi, nami nikamjibu kwa lugha ya mwenye mali, kila mmoja akidhani ameelewana na mwenziwe. Kama angeiwasha ile kompyuta na kuniambia, “Mzee, nionyeshe kitu ambacho hutaki kipotee,” ningeinyooshea kidole bahasha hiyo katika nukta moja.

Akachomeka flashi, akaifuta C, akaanza. Ilipofika asilimia 37 kazi ikasimama. Ukatokea ujumbe kwa Kiingereza, na mwisho wake namba: 0x80070570. Fundi hakuusoma. Aliufunga akaanza tena. Safari hii ilifika asilimia 62, ikasimama kwa namba ileile. Akabadili flashi, akaifuta tena C, ikafia asilimia 18. Akashusha pumzi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, “Mzee, bodi imekufa. Hii hata ukiipeleka wapi haiponi. Lakini ninayo nyingine hapa, nitakufanyia bei nzuri.”

Sikuinunua. Si kwa sababu nilikuwa mwerevu, ila sikuwa na fedha siku ile. Nikalipia kazi isiyofanyika, nikabeba chuma changu nikarudi nyumbani. Usiku huo ndipo nilipomsimulia mpwa wangu kwa simu, kijana aliyesoma ufundi wa umeme, naye akaniuliza bahasha ya bibi ilikuwa wapi. Nilipomwambia akanyamaza. Kisha akasema, “Mjomba, usiiwashe tena hiyo kompyuta. Usiiguse. Nakuja Jumamosi.”

Alipofika hakuanza na flashi wala na bisibisi. Alianza na maswali. “Mjomba, mara ya kwanza iligoma asilimia ngapi? Na ya pili? Na ya tatu? Namba iliyotokea ilikuwa ileile?” Bahati nilikuwa nimeandika zote nyuma ya risiti, kwa vile sikuwa na la kufanya nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda cha fundi. Akaitazama ile risiti akasema maneno ambayo sitayasahau: “Kosa linahama. Lingekuwa la flashi, lingekaa mahali pamoja.”

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ile namba 0x80070570 maana yake ni kwamba faili iliyosomwa imeonekana kuwa imeharibika. Windows mpya hukaa kwenye flashi ikiwa imebanwa. Kompyuta huisoma kipande kwa kipande, huikunjua ndani ya ramu, hukagua hesabu zake kama zinalingana, kisha huiandika kwenye diski. Hesabu zisipolingana, husimama na kulalamika. Kama faili imeharibika kwenye flashi, kompyuta itajikwaa palepale kila safari, kwa kuwa ubovu umekaa mahali pamoja. Lakini ikijikwaa leo hapa na kesho pale, huenda flashi haina hatia, na anayenakili ndiye mwenye kizunguzungu. Na chumba cha kunakilia ni ramu. Vile vioo vya buluu visivyo na saa wala sababu navyo vilikuwa vikisema jambo hilohilo tangu mwanzo, ila hapakuwa na mtu wa kuvisikiliza.

Kwanza aliitoa diski akaiweka kando, isiandikwe kitu kingine. Kisha akaweka kwenye flashi programu ndogo ya kupima ramu, MemTest86, ambayo ina toleo la bure. Akaipima ramu yote usiku kucha. Asubuhi kioo kilikuwa na mistari mingi myekundu. Akatoa kipande kimoja, akapima kilichobaki: kisafi. Akabadilisha: chekundu tena. Basi. Kipande kimoja cha ramu cha GB 4 kilikuwa kimeharibika, na hiyo ndiyo “bodi iliyokufa”. Kwa kipande kizuri peke yake na diski nyingine ya kuazima, Windows iliingia mara moja bila kusimama, chini ya saa moja. Bodi ile inanitumikia hadi leo.

Ilibaki diski yangu. Kwa bahati yangu, ufutaji unaofanywa wakati wa kuweka Windows ni wa haraka: hufuta orodha ya yaliyomo na kuyaacha yaliyomo yenyewe palepale, kama mtu achanaye ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Kurasa zilizobaki hudumu mpaka ziandikwe juu yake. Lakini fundi alikuwa amejaribu mara tatu, na kila jaribio liliandika maelfu ya faili mpya juu ya za zamani. Mpwa wangu aliiunganisha diski kwenye kompyuta yake, akaipekua kwa programu iitwayo PhotoRec, nayo ni ya bure. Ilichukua siku nzima. Faili zilirudi bila majina, zikiwa na namba tu, tukakaa tukizisikiliza moja moja. Katika jioni kumi na moja tulipata saba. Nne hazikupatikana.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Yaliyonipata hayakuwa ajali ya aina yake. Windows ikikataa kuingia, huwa inakataa kwa sababu maalumu, na karibu kila sababu ina dalili yake. Nimetaja ramu. Diski inayokufa nayo ina dalili: hutoa sauti ya kugongagonga, au kazi husimama muda mrefu mno mahali pamoja; na diski nyingi zina kumbukumbu yao ya ndani ya afya, ambayo programu za bure huisoma kwa dakika mbili. Flashi iliyotengenezwa vibaya nayo hujulikana. Wengi hunakili faili za Windows kwa mkono kwenye flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haupokei faili moja inayofika GB 4, wakati faili kuu ya Windows za siku hizi aghalabu hupita kiasi hicho. Kwa hiyo flashi inakuwa na kila kitu isipokuwa Windows yenyewe.

Tena kuna mitindo miwili ya kuigawa diski, wa zamani na mpya. Kompyuta ikiwashwa kwa mtindo mmoja na diski ikiwa imegawanywa kwa mwingine, Windows hugoma, na hueleza wazi sababu ya kugoma. Mara nyingi dawa yake ni kubadili mpangilio mmoja tu kwenye baiosi. Fundi wa piga Windows hana habari; hufuta migawanyo yote, C na D pamoja, “ianze safi”. Ndiyo maana ile D tunayoambiwa ni salama haina usalama wowote. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, vyote vimeungua.

Nipe nafasi ya mfano mmoja zaidi, kwa sababu huu unawatoa watu fedha. Kompyuta nyingi za mkononi zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kidhibiti cha diski kiitwacho VMD. Flashi ya Windows isipokuwa na draiva ya kidhibiti hicho, msakinishaji hufika mahali pa kuchagua diski akakuta orodha tupu. Diski ipo, ni nzima, faili zote zimo; haionekani tu. Hapo fundi husema “diski imekufa”, huuza nyingine, huiweka, nayo haionekani vilevile. Draiva hiyo hupatikana bila malipo kwa watengenezaji wa kompyuta, na maandishi yaliyoko kwenye kioo yenyewe huomba iletwe. Lakini ni nani anayesoma?

Basi hapo ndipo ninapowalaumu mafundi hasa. Kutokujua si dhambi; kila mtu huanza bila kujua. Dhambi ni kuuzima ujumbe bila kuusoma na kurudia kitendo kilekile mara tatu juu ya mali ya mtu mwingine. Jaribio la kwanza liliposhindikana, fundi wangu alipata habari muhimu. La pili liliposhindikana mahali pengine, alipata habari kubwa zaidi. Alizitupa zote mbili, na kwa jaribio la tatu akaandika juu ya sauti ya mama yangu.

Mafundi wana utetezi wao, na haki inataka niutaje. Husema: mteja hataki kulipia kuchunguza. Ukimwambia mtu kwamba utakaa na kompyuta yake usiku mzima ukiipima ramu, na kwamba utamtoza kwa kazi hiyo, atakuona mwizi. Lakini ukimwambia unapiga Windows, atatoa fedha hapohapo kwa sababu ameona kitu kimefanyika. Maneno haya yana ukweli mwingi. Sisi wateja tumezoea kulipia jasho na kukataa kulipia akili. Fundi akitazama gari dakika tano akakaza skrubu moja, tunalalamikia bei, ingawa kuijua skrubu ile kulimgharimu miaka. Kwa hiyo tumewafundisha mafundi wafanye kazi inayoonekana hata kama haitibu. Hata hivyo utetezi huo unafika mahali ukakoma. Mteja bahili hamlazimishi mtu kusema “bodi imekufa” kuhusu bodi ambayo hajaipima. Kusema “sijui” hakumgharimu fundi hata senti moja.

Na watengenezaji nao wasijifiche nyuma ya mafundi. Zamani mtu akinunua kompyuta mpya aliweza kupewa pamoja nayo diski za kuiwekea mfumo upya. Kisha wengi wakaziacha, wakaficha nakala ya uokoaji katika sehemu ya diski ileile iliyomo ndani ya kompyuta. Huko ni kuweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Diski ikifa, uokoaji umekufa nayo. Na fundi wetu akifuta kila kitu, huo ndio hufutwa wa kwanza.

Siku hizi hatari imezidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai mambo ambayo kompyuta nyingi za majumbani kwetu hazina: kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa zisizo za zamani sana. Yangu haimo, nami niliamua kuiwekea Linux badala ya kuitupa. Wengine huendewa na mafundi wanaozunguka vizuizi hivyo kwa njia za panya, na hao wote wanapigiwa Windows. Tena kompyuta mpya nyingi zinazotumia Windows 11 hufunga diski nzima kwa siri pale mtu anapoingia na akaunti yake ya Microsoft, na ufunguo wa kuifungulia ni namba ya tarakimu 48 ambayo wengi hawajui hata kama wanayo. Na diski zenyewe si zile za kuzunguka. Hizi mpya zisizozunguka, faili ikifutwa, mfumo huijulisha diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe, nayo huisafisha kabisa kwa wakati wake. Mwaka 2019 nilipata saba kati ya kumi na moja kwa sababu mashine yangu ilikuwa ya kizamani. Kwa kompyuta ya leo, na fundi yuleyule, huenda nisingepata hata moja.

Desturi hii ya kufuta bila kuuliza haikuanzia Kariakoo wala haikuanza na Windows. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jitihada za kuhamishia hesabu za Hazina kwenye kompyuta kwenda mrama. Ilikuwapo hoja ya kuhifadhi fedha za kigeni, na siwezi kuidharau. Nchi ilikuwa maskini na mwaka ulikuwa mgumu. Lakini swali la msingi, yaani kitu gani hasa kilishindikana, mashine, au watu waliokuwa hawajafundishwa kuitumia, au mikataba, halikujibiwa na marufuku. Tulifuta. Amri ile ilikaa miaka mingi, na ilipoondolewa tulianza upya na vijana wachache waliokuwa wamepata kugusa kompyuta. Sidhani ni bahati mbaya kwamba mpaka leo tunafahamu zaidi kuondoa na kuweka kuliko kupima.

Sasa nilirudie kosa langu nililoahidi. Sauti za mama zilikuwa mahali pamoja. Mtu mwenye hati ya shamba hutoa nakala, moja akaiweka kwa ndugu. Mtu mwenye mbegu nzuri humpa jirani debe moja, ili kwake zikiliwa na panya akaombe. Haya tuliyajua kabla hatujaiona kompyuta. Kwa nini nikaona kwamba chuma kilichonunuliwa mtumba ni mlinzi wa kutosha wa kitu ambacho hakitapatikana tena? Flashi ya kutosha kuhifadhi jioni zote kumi na moja ilikuwa na bei ya mlo mmoja wa mgahawani. Sikuinunua. Fundi aliandika juu ya sauti zile, lakini mimi ndiye niliyeziacha zikae mahali ambapo mkono mmoja mzembe ungeweza kuzifikia zote.

Kwa hiyo, msomaji, siku kompyuta yako itakapougua, fanya hivi. Kabla ya kuipeleka popote, nakili vilivyo vyako mahali pawili nje ya kompyuta hiyo. Na kama haiwaki, mwambie fundi aitoe diski kwanza avinakili kabla hajafanya jambo lingine. Usikubali kuulizwa “viko D?” Mwonyeshe kwa kidole. Akisema piga Windows, muulize amejuaje. Ikigoma kuingia, andika imegomea wapi na imesema nini, na usiruhusu jaribio la pili mpaka mtu ameusoma ujumbe wa lile la kwanza. Na akikwambia kwamba anahitaji siku moja ya kupima na siku hiyo ina malipo, mlipe, tena umshukuru, maana umempata fundi.

Jioni saba za mama sasa ziko kwangu, kwa mpwa wangu, na kwa dada yangu Tanga. Tumezisikiliza tukajua zipi hazipo. Nyimbo za harusi zimepona. Minazi imepona, pamoja na ugomvi wake. Iliyopotea ni ile jioni ya makaburi, pamoja na nyingine tatu ambazo sikumbuki vizuri zilihusu nini, na hilo la kutokumbuka linaniuma kuliko yote. Mwaka jana tulikwenda Pangani kusafisha makaburi. Yapo matatu upande wa mwembe ambayo hayana alama, na mama aliniambia ni ya nani. Tuliyafagia yote matatu, tukayasomea dua, bila kujua majina ya kutaja.